Nyuso Zilizomzunguka Mtoto

Mwaka 1954 Bujumbura ilikuwa bado inaitwa Usumbura. Ilikuwa makao ya utawala wa Kibelgiji wa Ruanda-Urundi, mji wa bandari kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, na katika mtaa wa Buyenzi familia za Waswahili zililea watoto mgongoni, ndani ya mbeleko, kwenye nyua zenye watu wengi. Mwaka huohuo mwanasaikolojia mmoja aliyekulia Kanada, Mary Ainsworth, alifika Kampala. Alitaka kuchunguza namna watoto wanavyoachishwa ziwa. Alipoondoka mwaka 1955 alikuwa amebeba jambo zito zaidi ya hilo: maelezo ya kina, nyumba kwa nyumba, ya jinsi mtoto mchanga anavyosoma uso wa mtu, anavyoujibu, na anavyochagua ni uso wa nani utakaomtuliza.

Historia ya uchunguzi wa nyuso za watoto husimuliwa kana kwamba yote ilitokea London, Geneva na Boston. Haikuwa hivyo. Sehemu yake nzito ilifanyika katika nchi za kanda iliyomo Burundi: vijiji vya jirani na Kampala, vilima vya Kisii, na msitu wa Ituri huko mashariki mwa Kongo. Mashauri anayopewa leo mama wa mitaa ya Kamenge au Kinama, Bujumbura, aliyempakata mtoto wake kliniki yametokana na kazi hiyo, ingawa kuna mambo muhimu yaliyoachwa njiani, na hayo ndiyo yaliyonifanya niisimulie upya.

Kabla ya Kampala, kazi ya namna hii ilifanywa na baba mwenye kalamu, akiwa nyumbani kwake. Charles Darwin aliweka kumbukumbu za mwanawe William, aliyezaliwa Desemba 1839, akazichapisha mwaka 1877. Mtoto alipokuwa na miezi 6 na siku 11, yaya wake alijifanya analia. Mtoto akashusha pembe za mdomo, uso ukajaa huzuni. Darwin aliona hapo dalili ya huruma. Kwa ajili ya kitabu chake cha 1872 kuhusu namna binadamu na wanyama wanavyoonesha hisia, alikuwa ametuma maswali sehemu nyingi za dunia, na kutoka Afrika Kusini mmoja wa waliomjibu kwa mkono wao wenyewe alikuwa Christian Gaika, ndugu wa chifu Sandile wa Waxhosa. Lakini kwa habari za mtoto mchanga, Darwin alitegemea zaidi watoto wa nyumbani kwake. Jean Piaget wa Uswisi naye, katika kitabu chake cha 1945 kuhusu kuiga na kucheza, alitegemea watoto wake watatu, akahitimisha kwamba mtoto hawezi kuiga tendo la uso asiloliona kwake mwenyewe, kama kutoa ulimi, mpaka akaribie mwisho wa mwaka wa kwanza. Watoto watatu wa nyumba moja wakawa kipimo cha watoto wa dunia nzima kwa zaidi ya miaka 30.

Ainsworth alikuja Afrika Mashariki kwa sababu ya mumewe, Leonard, aliyepata kazi katika Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki pale Makerere, ambayo wakati huo iliongozwa na Audrey Richards. Mary mwenyewe hakuwa na ajira. Kabla ya hapo alikuwa London, kliniki ya Tavistock, akifanya kazi na daktari John Bowlby, aliyekuwa akichunguza madhara ya kumtenganisha mtoto mdogo na mama yake. Bowlby alianza kuamini kwamba mtoto huzaliwa na haja ya kushikamana na mtu, haja isiyotokana na njaa. Ainsworth hakukubali. Alikuwa amefundishwa kwamba mtoto humpenda mama kwa sababu mama ndiye chakula.

Buganda aliyoikuta ilikuwa na majonzi. Gavana Andrew Cohen alikuwa amemfukuza nchini Kabaka Mutesa II tarehe 30 Novemba 1953, na Kabaka hakurudi hadi Oktoba 1955. Mwanamke wa Kizungu kuingia nyumba za watu katika miezi ile, akiuliza habari za maziwa ya mama na usingizi wa mtoto, halikuwa jambo jepesi. Aliyemfungulia mlango alikuwa mkalimani na msaidizi wake, Katie Kibuka. Ainsworth alilitaja jina hilo katika kitabu chake, na naona linastahili kutajwa kila historia hii inaposimuliwa, kwa sababu kila neno la mama lililofika kwenye daftari lilipita kwanza masikioni na mdomoni mwa Kibuka.

Walikwenda alasiri, wakati ambapo wanawake wa Buganda walipokea wageni sebuleni. Walizitembelea familia 26 zenye watoto 28, kila baada ya wiki mbili hivi, saa mbili kila mara, kwa muda wa miezi tisa au karibu na hapo. Hakukuwa na chumba cha maabara wala kioo cha kujificha nyuma yake. Mama alizungumza na wageni, mtoto alipita kutoka mapaja ya huyu hadi ya yule, na Ainsworth aliandika.

Aliandika mambo ambayo mtu wa nyumbani huyaona kila siku asiyape uzito. Mtoto wa miezi miwili humchekea yeyote anayemwinamia. Baada ya wiki chache kicheko kinaanza kupendelea: kwa mama kinakuja upesi na kwa uso mzima, kwa mgeni kinachelewa. Mtoto analia mikononi mwa jirani, anabembelezwa asinyamaze, mama anamchukua na kilio kinakatika. Mtoto anayetambaa anaondoka miguuni pa mama kwenda kuchungulia viatu vya mgeni, anageuka kumtazama mama, anaendelea. Hapo ndipo Ainsworth alipobadilisha mawazo. Watoto hawa hawakuwa wakisubiri tu kulishwa. Walikuwa wakitafuta, wakiita, wakijibu, wakirudi. Njaa haikutosha kueleza yale aliyoyaona, na akakiri kwamba Bowlby alikuwa sahihi.

Kuna jambo moja dogo katika maandishi yake ambalo kwangu lina uzito kuliko nadharia nzima. Mama aliyekuwa ametoka aliporudi, mtoto wa Kiganda alimlaki kwa kupiga makofi. Mwili ulimtikisika kwa furaha, alipiga kelele, akagonganisha viganja. Ainsworth, aliyewajua watoto wa kwao, alikuwa amezoea kuona mtoto akimkumbatia mama na kumbusu. Kukumbatia na kubusu hakukuona kwa watoto wale. Furaha ilikuwa ileile, na mtoto hakuwa ametimiza hata mwaka, lakini tayari alikuwa ameokota kutoka kwa watu wa nyumbani kwake namna ya kuionesha. Anayedai kwamba uso na mwili wa mtoto mchanga ni maumbile matupu ambayo utamaduni haujagusa, na akumbuke makofi yale.

Ainsworth aliwagawa watoto 28 katika mafungu matatu: 16 waliokuwa na utulivu wa moyo kwa mama zao, 7 waliolia sana na kutotulia hata mama akiwepo, na 5 ambao hawakuonesha bado kumpendelea mama. Akatafuta tofauti. Kuwa na walezi wengi hakukutenganisha mafungu hayo. Kilichojitokeza ni muda na uangalifu ambao mama alimpa mtoto, furaha yake katika kunyonyesha, na jambo la tatu ambalo hakulitarajia: jinsi mama alivyokuwa mpashaji habari mzuri. Mama aliyeweza kueleza bila kuchoka kwamba mtoto wake hukunja paji la uso namna hii kabla ya kulia, na namna ile akitaka kulala, ndiye ambaye mtoto wake alikuwa na utulivu. Alikuwa amemtazama.

Kitabu chake kuhusu utoto nchini Uganda kilitoka mwaka 1967. Wakati huo alikuwa Baltimore, Marekani, akiwafuata watoto wa familia nyingine 26, na huko alikumbana na tatizo. Watoto wa Baltimore walizoea mama kutoka chumba hiki kwenda kile, kwa hiyo nyumbani hawakuonesha waziwazi kile ambacho watoto wa Kiganda walikionesha kila mama aliponyanyuka. Ndipo alipotengeneza jaribio la chumba kigeni, lisilozidi nusu saa: mama anatoka, mgeni anabaki, mama anarudi, na mtafiti anatazama mtoto anampokeaje. Jaribio hilo limekuwa mashuhuri duniani kote. Lilibuniwa ili kuleta ndani ya maabara ya Marekani mambo yaliyokuwa yameonekana bila kifaa chochote katika sebule za Buganda.

Wamarekani wengine wawili, Philip na Janet Kilbride, walifuata nyayo hizo Buganda na mwaka 1975 wakachapisha habari za watoto kukaa na kutabasamu. Watoto wa Kiganda walikaa wenyewe na kutabasamu mapema kuliko vipimo vya Kimarekani. Wenyewe walieleza kwamba familia zilitaka iwe hivyo: katika jamii ambayo heshima ya mtu ilitegemea sana namna anavyokutana na watu, mtoto alikalishwa mapema ili awaone watu na aonwe nao, na tabasamu lake lilichochewa kwa sauti, kwa kutikisa kichwa na kwa kumtabasamia tena na tena hadi naye ajibu.

Ukivuka upande wa pili wa Ziwa Viktoria unakutana na jambo tofauti kabisa. Robert LeVine aliwahi kuishi Kisii, Kenya, katika miaka ya 1955 hadi 1957, na mwaka 1974 alirudi na mkewe Sarah pamoja na kundi lililokuwa na madaktari wa watoto, akiwemo T. Berry Brazelton wa Boston. Waliwapiga picha za filamu mama na watoto wao wachanga. Mama aliombwa akae uso kwa uso na mtoto wake, azungumze naye, acheze naye. Mama wa Boston, akiombwa hivyo, huanza mara moja: hupandisha sauti, hufungua macho, huiga kila sauti ya mtoto, na kadiri mtoto anavyochangamka ndivyo naye anavyozidisha. Mama wa Kisii waliliona ombi lenyewe kuwa la ajabu. Ya nini kuzungumza na mtu asiyesikia lugha? Walifanya walivyoombwa kwa sababu ya heshima kwa wageni, na filamu zikaonesha kwamba mtoto alipofika kilele cha kuchangamka, akicheka na kurusha miguu, mama alihamisha macho, akaangalia kando. Msisimko wa mtoto ulishuka, akatulia.

Mtafiti asiye na subira angeandika kwamba mama hawa ni baridi, na wapo walioandika maneno kama hayo kuhusu mama wa Kiafrika. LeVine na wenzake walikaa muda wa kutosha kuona zaidi. Wakisii wana adabu kali ya kutazamana, inayoamua nani anaweza kumkazia nani macho, na jicho la kumkodolea mtoto lilihofiwa. Tena mama wale wale waliohamisha macho walimshika mtoto karibu mchana kutwa, walilala naye, na alipolia walimwitikia haraka zaidi kuliko mama wa Boston. Walichokuwa wakikijenga ni utulivu. Mtoto mtulivu anaweza kuachwa mikononi mwa dada wa miaka saba wakati mama yuko shambani. Mtoto anayelia anasikika upesi, na katika eneo ambalo watoto wengi walikufa kabla ya kutembea, kilio ni habari ya kuchukuliwa hatua. LeVine alieleza kwamba mama wa Kisii alikuwa kwanza mlinzi wa uhai wa mtoto, na mama wa Boston alijiona kwanza kuwa mwalimu wake. Kazi hiyo ilikusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 1994, na sijasoma hoja iliyoipindua.

Wakati filamu za Kisii zikichambuliwa, huko Seattle mwaka 1977 Andrew Meltzoff na Keith Moore walitangaza kwamba watoto wa siku 12 hadi 21 huiga mtu mzima anayetoa ulimi au kufungua mdomo. Mwaka 1983 walisema hivyohivyo kuhusu waliozaliwa karibuni tu, mdogo wao akiwa na dakika 42. Tiffany Field na wenzake waliongeza mwaka 1982 kwamba watoto wa siku moja au mbili huiga uso wa furaha, wa huzuni na wa mshangao. Piaget alionekana ameanguka. Lakini mwaka 2016 kundi la Australia lililoongozwa na Janine Oostenbroek lilichapisha matokeo ya watoto 106 waliopimwa mara nne, tangu wiki ya kwanza hadi ya tisa, kwa matendo 11, na halikuona kuigwa kokote. Watoto walitoa ulimi, naam, lakini walitoa vilevile walipooneshwa jambo jingine. Meltzoff alipinga, na ubishi huo haujazimika.

Mimi naegemea upande wa wenye shaka, kwa sababu moja. Ukikaa na mtoto wa wiki sita nyumbani kwa watu, utaona kwamba anayeiga sana ni mtu mzima. Mtoto anapiga miayo, bibi anapiga miayo. Mtoto anakunja uso, shangazi anakunja wake na kusema kwa niaba yake, “Nimekasirika mimi, mmenichelewesha!” Mtoto anaoneshwa uso wake mwenyewe juu ya uso wa mwingine mara mia kwa siku, na baada ya miezi kadhaa anaanza kurudisha. Lisilobishaniwa sana ni kwamba tangu siku za mwanzo kilio cha mtoto mmoja huwaliza wengine wodini, na kwamba karibu na mwaka mmoja mtoto huutumia uso wa mlezi kama kibali. Mwaka 1985 James Sorce na wenzake waliwaweka watoto wa mwaka mmoja juu ya kioo kilichoonekana kama ukingo wa kushuka, mama akiwa ng’ambo. Mama alipoonesha uso wa furaha, watoto 14 kati ya 19 walivuka. Alipoonesha hofu, kati ya 17 hakuvuka hata mmoja.

Mwaka 1978 Edward Tronick, aliyekuwa pia miongoni mwa waliochambua filamu za Kisii, alichapisha jaribio lililoumiza wengi walioliona. Mama anacheza na mtoto wake wa miezi michache, kisha anaukausha uso, anamtazama bila kujibu lolote kwa dakika chache. Mtoto anatabasamu, anasubiri. Anatabasamu tena, anatoa sauti, anainama mbele. Hakuna kinachorudi. Anageuza kichwa, anakunja mwili, anapoteza hata uwezo wa kukaa sawasawa. Kwa hiyo mtoto si kioo kinachoakisi tu. Anatarajia kujibiwa, na asipojibiwa anaudai uso wa mwenzake kwa nguvu zote alizonazo.

Kisha Tronick akaja Ituri. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 yeye na Gilda Morelli na Steve Winn waliwafuata watoto wa Waefe, wawindaji wa msituni ambao majirani zao wakulima huzungumza nao pia kwa Kiswahili cha Kongo. Waliyoyachapisha mwaka 1987 yalitikisa mambo mengi. Mtoto mchanga wa Kiefe alipitishwa kwa wanawake wa kambi tangu kuzaliwa, na wenye maziwa walimnyonyesha. Akiwa na wiki tatu, asilimia 39 ya muda wake alikuwa mikononi mwa mtu asiye mama yake. Akiwa na wiki 18, asilimia 60. Kwa wastani kila mtoto alikuwa na walezi 14 hivi. Akinung’unika, mtu aliyekuwa karibu alimchukua kabla kilio hakijakomaa.

Weka kazi hizo mbili pamoja, jaribio la uso uliokauka na uchunguzi wa Ituri, na swali linajitokeza lenyewe. Uso mmoja ukikauka, katika chumba chenye watu wawili, mtoto amepoteza kila kitu. Katika kambi ya Waefe umekauka mmoja kati ya kumi na nne. Hilo halimfanyi mama awe si kitu, maana hata Waefe wachanga, walipokaribia mwaka, walimtaka mama kuliko wengine. Linaonesha tu kwamba sayansi ilijenga mizani yake juu ya nyumba yenye mtu mzima mmoja na mtoto mmoja, na nyumba ya namna hiyo ni nadra katika historia ya binadamu.

Bujumbura haiko mbali na lolote kati ya hayo. Burundi ina adabu yake ya kuzuia hisia. Methali ya Kirundi husema amosozi y’umugabo atemba aja mu nda, machozi ya mwanaume hutiririka kuelekea tumboni, na mtoto anayekua hujifunza mapema kwamba si kila jambo la moyoni huwekwa usoni. Lakini mtoto mchanga hajaingizwa kwenye sheria hiyo. Kwake kuna ibihozo, nyimbo za kubembeleza, na kuna mgongo. Mtafiti wa Boston angesema kwamba mtoto wa mgongoni amenyimwa uso wa mama, na kweli haoni macho yake. Anaona kitu kingine: nyuso za wote wanaozungumza na mama, kwa kimo cha mama, tangu asubuhi. Muuza ndagala anayecheka, jirani anayelalamika, mkwe anayesalimiwa kwa heshima. Kifua chake kimelala juu ya mgongo unaopumua na kushtuka. Na wanawake wa vilimani walipokutana na kusalimiana kwa akazehe, ile salamu ndefu ya kuimba ambamo sauti mbili hupokezana kwa kasi bila kugongana, aliyekuwa mgongoni alikuwa katikati ya mafunzo ya kujibizana ambayo hakuna mama wa Boston aliyeyatoa. Michel Vuylsteke alirekodi akazehe nchini Burundi mwaka 1967, na bado inasikika katika rekodi hizo.

Vita viliugusa mpangilio huo mahali pake panapouma. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vilivyofuata vinakadiriwa kuua watu wapatao 300,000. Mitaa ya Bujumbura iligawanywa kwa damu. Machi 1995 watu wengi walifukuzwa Bwiza na Buyenzi, na maelfu wakavuka mpaka kuelekea Uvira. Mwaka 2015 machafuko mapya yaliwatoa nchini mamia ya maelfu, wengi wao hadi kambi za Kigoma. Mtoto aliyezaliwa katika miaka hiyo mara nyingi alikuwa na mama, lakini hakuwa na bibi, wala shangazi, wala binti wa jirani wa kumpokea. Mama mwenye msiba hawezi kuamrisha uso wake ucheke. Zamani, katika ua uliojaa, hilo halikuwa janga kwa mtoto. Wengine walicheka kwa niaba yake hadi mama apone. Katika chumba cha kukodi Kinama, au katika hema la kambi ya Nyarugusu, jaribio la Tronick lilitoka maabara likawa maisha.

Ninaijua dawa moja iliyopimwa barabara, nayo haikutoka hospitalini. Huko Khayelitsha, Cape Town, Peter Cooper na Lynne Murray na wenzao waliwafuata wajawazito 449 katika umaskini mkubwa. Karibu nusu yao walitembelewa nyumbani na wanawake wa mtaa uleule, wasio na taaluma ya udaktari, waliokaa na mama na kumwonesha mambo ambayo mtoto wake tayari anayafanya: tazama anakufuata kwa macho, tazama amegeukia sauti yako. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionesha kwamba kwenye miezi 18, asilimia 74 ya watoto wa kundi hilo walikuwa na utulivu wa moyo kwa mama zao, dhidi ya 63 ya wengine. Kipimo kilichotumika ni kilekile cha Ainsworth.

Burundi ilitangaza tarehe 1 Mei 2006 kwamba uzazi na matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano yatakuwa bure, na vituo vya afya vikafurika. Tangu hapo shughuli kubwa imekuwa uzito na urefu, na ni haki: uchunguzi wa kitaifa wa 2016 na 2017 ulikuta asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kwa upande wa uso na moyo wa mtoto, ushauri uliopo unatoka kwenye kadi za Shirika la Afya Duniani na UNICEF, zilizosambazwa tangu 2012 katika nchi nyingi. Kadi inamwambia mama mwenye mtoto wa miezi michache: tabasamu naye, zungumza naye, iga sauti na ishara zake ili mazungumzo yaanze. Ni ushauri mzuri, na jaribio la uso usiojibu linaonesha kwa nini. Lakini umechorwa kwa sura ya mama wa Boston, mtu mmoja mbele ya mtoto mmoja, na Heidi Keller, mtafiti Mjerumani aliyefanya kazi miaka mingi na Wanso wa Kamerun, pamoja na wengine, wamelalamika kwa haki kwamba unawafanya mama wa namna nyingine waonekane wana upungufu. Mama wa Kisii wa mwaka 1974 angefeli kadi hiyo huku mtoto wake ametulia mikononi mwake.

Ningependa muuguzi wa Kamenge aongeze swali moja kabla ya kumwambia mama acheze na mtoto: ni nani wengine humbeba huyu? Jibu likiwa majina sita, kadi inaweza kusubiri. Jibu likiwa kimya, basi mama huyo anahitaji watu kabla ya mafunzo, na Burundi ina mahali pa kuwatafuta. Mama wanaoitwa Mamans Lumières, wanawake wa mtaa waliochaguliwa kwa sababu watoto wao wana afya, huwakusanya mama wenzao wenye watoto waliokonda, wakapika uji pamoja siku baada ya siku. Mradi ulibuniwa kwa ajili ya lishe. Lakini pale kwenye sufuria, mtoto aliyekataa kula anamwona mwenzake akifungua mdomo, naye anafungua wake. Anapakatwa na mwanamke asiye mama yake, anachungulia uso mpya, anaujaribu kwa tabasamu, na unamjibu.